Surua Mantapala: kingamwili zilezile, gharama tofauti

Tuchukulie watoto wawili wa Mantapala, makazi ya wakimbizi kaskazini mwa Zambia, wote wa umri wa miaka sita, wote wazaliwa wa ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo. Wa kwanza alichanjwa surua akiwa mchanga. Wa pili hakuchanjwa. Alishikwa na ugonjwa wenyewe katikati ya safari ya kukimbia vita, akaungua na homa, macho yakamuwasha na kuwa mekundu, upele ukamtapakaa kuanzia usoni mpaka miguuni, kisha akapona. Leo wachomwe kidole, tone la damu la kila mmoja lidondoshwe kwenye karatasi maalumu, likaushwe kivulini, litiwe kwenye mfuko pamoja na kijipakiti cha kufyonza unyevu na kusafirishwa maabara. Majibu yatakayorudi yatakuwa ya aina moja: kingamwili za surua zipo. Na huenda kiwango cha yule aliyeugua kikawa cha juu kuliko cha mwenzake.

Hapo ndipo ubishi huanzia, Mantapala kama ilivyo Ujiji, Mombasa au Lubumbashi. Ikiwa aliyeugua ana kingamwili nyingi kuliko aliyechanjwa, ya nini kuhangaika na sindano? Si mtoto augue tu, apate kinga ya kweli?

Swali hilo halistahili kubezwa. Nusu yake ni kweli, na wanaotetea chanjo hujipunguzia imani ya watu kila wanapojifanya hawaijui nusu hiyo. Tatizo liko kwenye nusu ya pili, ambayo majibu ya maabara hayaionyeshi.

Makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa Januari 2018 katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya watu walikuwa wakivuka mpaka kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakitoroka mapigano ya wanamgambo na jeshi katika maeneo ya Pweto, Moba na jirani zake. Kwanza walipokelewa katika kituo cha muda cha Kenani, kisha serikali ya Zambia na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, wakawahamishia Mantapala. Huko kila familia ilipewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, na shule na zahanati zikapangwa zitumiwe na wageni na wenyeji pamoja. Kwa hiyo kwenye foleni ya kliniki ya watoto Kiswahili cha Katanga hukutana na Kibemba, na mara nyingi mama mmoja huwa anavijua vyote viwili.

Muuguzi akiuliza karatasi ya chanjo iko wapi, jibu la mama aliyetoka ng'ambo hutabirika: ilibaki kule. Ilibaki nyumbani iliposikika milio ya bunduki, au iliharibika ndani ya mtumbwi, au mtoto hakuwahi kuwa nayo kabisa, kwa sababu kituo cha afya cha kijiji kilikuwa kimeporwa muda mrefu kabla. Mtu angedhani dawa ya shida hiyo ni kumpima kila mtoto damu ili ijulikane nani ana kinga na nani hana. Kambini haifanyiki hivyo, na kuna sababu nzuri. Kipimo kinahitaji maabara, umeme, wataalamu na siku za kusubiri, na surua haisubiri. Inaenea kwa hewa, na mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza wengine kumi na wawili hadi kumi na wanane. Kumchanja aliyekwisha kuwa na kinga, kwa upande mwingine, hakumdhuru: kingamwili alizonazo huvidaka virusi dhaifu vya chanjo na kuvimaliza kabla havijazaana. Ndiyo maana mwongozo wa dharura wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ni mfupi. Mtoto wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 15 anayeingia kambini achanjwe, awe na karatasi asiwe nayo.

Maabara yenyewe inafanyaje kazi? Kipimo kinachotumika sana huitwa ELISA. Ni sahani ya plastiki yenye vishimo 96, na kila kishimo kimepakwa protini za kirusi cha surua. Majimaji ya damu hutiwa humo. Kama yana kingamwili za surua, hizo hunata kwenye protini na kubaki hata kishimo kikioshwa. Kisha hutiwa kemikali ambayo hubadilika rangi pale palipobaki kitu. Rangi ikikolea, kingamwili ni nyingi, na ikiwa hafifu, ni chache. Mashine husoma ukolezi wa rangi na kutoa namba.

Namba hiyo haitaji chanzo. Chanjo ya surua ni kirusi hai cha surua kilichodhoofishwa, kikitokana na kile kilichonaswa kwa mvulana wa shule aliyeitwa David Edmonston karibu na Boston, Marekani, mwaka 1954, katika kazi ya maabara ya John Enders. Mwili unapokutana nacho hujibu karibu sawa na unavyojibu kirusi cha mtaani, hivyo kipimo cha kawaida cha damu hakiwezi kutenganisha aliyechanjwa na aliyeugua.

Kwa Uviko-19 mambo yalikuwa tofauti, na wasomaji wengi huchanganya hapa. Chanjo kama AstraZeneca na Janssen zilifundisha mwili kutambua protini moja tu, ile ya miiba ya nje ya kirusi. Aliyechanjwa tu akawa na kingamwili za miiba, lakini aliyeambukizwa akawa na za miiba na pia za protini ya ndani inayofunika vinasaba. Kwa tofauti hiyo watafiti waliweza kusema nani alipitia ugonjwa. Chanjo ya Sinopharm, iliyotumika pia Afrika Mashariki na Zambia, ilivuruga hesabu hiyo kwa kuwa ina kirusi kizima kilichouawa. Kabla hata chanjo hazijafika, kingamwili zilikuwa zimeshafichua mengi. Damu ya wachangiaji 3,098 wa Kenya, iliyokusanywa Aprili hadi Juni 2020 na kupimwa na watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi, ilionyesha kwamba takriban watu 4 kati ya 100 walikuwa wameshaambukizwa, wakati takwimu rasmi zilikuwa ndogo mno. Zambia yenyewe ilifanya uchunguzi Julai 2020 katika wilaya sita, na ikakadiriwa kuwa kwa kila mgonjwa mmoja aliyeripotiwa kulikuwa na maambukizi 92. Nchelenge haikuwa miongoni mwa wilaya hizo sita.

Turudi kwenye surua. Kuwa na kingamwili ni jambo moja, na kuwa nazo za kutosha ni jambo jingine. Kiwango ambacho maabara nyingi hukitumia kama mstari wa kinga ni uniti 120 za kimataifa kwa kila lita ya majimaji ya damu, na asili yake ni bahati tupu. Mwaka 1985 wanafunzi wa chuo kimoja cha Boston walichangia damu, na muda mfupi baadaye surua ikalipuka bwenini. Chupa za damu zilikuwa bado zipo. Watafiti wakazifungua na kulinganisha: kati ya wanafunzi tisa waliokuwa na kiwango kisichozidi 120, wanane waliugua surua kamili. Kati ya 71 waliokuwa juu ya mstari huo hakuugua hata mmoja kwa namna hiyo. Baadhi yao waliguswa na kirusi, kingamwili zikapanda, wakapata mafua au koo kuwasha, wakaendelea na masomo.

Sasa nusu ile iliyo kweli. Kwa surua, aliyeugua akapona kwa kawaida hubaki na kingamwili nyingi zaidi, na zinazodumu zaidi, kuliko aliyechanjwa. Ushahidi wa kwanza ulipatikana kabla neno kingamwili halijabuniwa. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, huko Atlantiki ya kaskazini, baada ya miaka 65 ya kutokuwepo. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa kuchunguza. Kati ya wakazi 7,782, kama 6,000 waliugua. Wazee waliokuwa wameugua mwaka 1781, wakiwa watoto, hawakuguswa.

Tofauti hiyo inaonekana leo hata kwa watoto wachanga. Mama humpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, na alichonacho mama ndicho anachokirithi mtoto. Watafiti wa Ubelgiji walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwafuatilia akina mama na watoto wao: kwa watoto wa mama waliowahi kuugua surua, kinga hiyo ya urithi ilidumu kwa wastani wa miezi 3.78. Kwa watoto wa mama waliochanjwa haikufika mwezi mmoja. Wote, kwa vyovyote, walibaki wazi kabla ya mwaka wa kwanza kuisha.

Mantapala ina akina mama wa kila aina: walioumwa surua utotoni Moba, waliochanjwa kwenye kampeni ya mjini Pweto, na ambao hawakupata lolote kati ya hayo mawili. Watoto wao wanazaliwa na akiba tofauti za kingamwili, na hakuna anayeijua akiba ya nani. Hata hivyo kadi ya kliniki ya Zambia inawapangia wote tarehe moja: dozi ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18.

Kwa nini miezi 9? Kwa sababu ya damu ya watoto wa Kenya. Wizara ya Afya ya Kenya kwa kushirikiana na WHO iliwachanja watoto wa umri mbalimbali ndani ya mwaka wa kwanza, ikapima nani alitengeneza kingamwili na nani hakutengeneza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1977. Ukichanja mapema mno, kingamwili za mama zinaua chanjo kabla haijafanya kazi. Ukichelewa, surua inamfikia mtoto kabla yako. Miezi 9 ndiyo ilikuwa maafikiano: katika umri huo watoto kama 85 kati ya 100 hujenga kinga, na ukisubiri mpaka mwaka mmoja wanafika 95, lakini kwenye nchi ambako surua imejaa si wote watakaofika mwaka huo bila kuugua. Hata sharti la WHO la kuanza miezi 6 wakati wa dharura linatokana na hesabu hiyohiyo. Dozi hiyo ya mapema haihesabiwi, na mtoto hurudia miezi 9 kama kawaida, jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi vya kutosha wakabaki kudhani wauguzi wamesahau.

Kwa hiyo mbishi wa kijiweni ana haki ya kusema ugonjwa hutoa kingamwili nyingi. Lakini ulinganisho wake una shimo kubwa: damu inapimwa kwa waliopona. Waliokufa hawakuchangia tone. Ukitaka kulinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa kwa haki, lazima uanze kuhesabu kabla ya ugonjwa.

Na hesabu ya wasiochanjwa ni nzito zaidi kambini kuliko popote. Mtoto aliyetembea wiki kadhaa, aliyekonda, mwenye upungufu wa vitamini A, akikutana na surua kwenye hema lenye watu wengi, hupata nimonia, kuhara, vidonda vya mdomo vinavyomzuia kula, na wengine hupoteza macho kwa sababu surua humaliza akiba ya vitamini A iliyobaki. Wad Kowli, kambi ya mashariki ya Sudani iliyowapokea wakimbizi wa njaa ya Ethiopia mwaka 1985, ilikuwa fundisho la kutisha: surua ilikuwa miongoni mwa wauaji wakuu wa watoto pale. Tangu hapo chanjo ya surua ikapandishwa daraja katika mipango ya dharura, ikawekwa pamoja na maji, chakula na makazi. Kongo nayo haikuwa mbali na Mantapala kwa kipimo chochote. Mlipuko uliotangazwa rasmi Juni 2019 na kufungwa Agosti 2020 uliua zaidi ya watoto 7,000 wa chini ya miaka mitano katika nchi hiyo.

Watu wa Maniema, mkoa wa Kongo hiyohiyo, wana nafasi ya pekee katika habari hii, ingawa wachache wanaijua. Kasongo, mji ambao wasomaji wa Kiswahili wanaukumbuka kwa Tippu Tip, ulikuwa katika miaka ya 1970 na 1980 kituo cha mradi wa afya ulioendeshwa na watafiti wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp. Mwaka 1981 walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Waliochanjwa walinusurika zaidi. Lakini watafiti wenyewe waliingiwa na wasiwasi: huenda, walihoji, chanjo inamwokoa mtoto dhaifu na surua leo ili afe kwa ugonjwa mwingine kesho, na faida yake ya jumla ikawa ndogo kuliko inavyoonekana.

Hoja hiyo ilizua mjadala wa miaka mingi. Takwimu zilizokusanywa baadaye kwingineko zilielekea kinyume chake: watoto waliochanjwa surua walikufa kidogo hata kwa magonjwa mengine yasiyo surua. Ilikuwa kama chanjo inafanya zaidi ya ilichotumwa. Sababu haikueleweka vizuri mpaka watu walipoacha kutazama kingamwili za surua peke yake, wakaanza kutazama kingamwili nyingine zote.

Nafasi ilipatikana Uholanzi. Mwaka 2013 surua ililipuka katika jamii ya Waprotestanti wa huko ambao kwa imani yao hawachanji. Wazazi waliruhusu watoto wao watolewe damu kabla ya ugonjwa na tena takriban miezi miwili baada yake. Kundi la Michael Mina na Stephen Elledge wa Harvard, pamoja na wenzao wa Rotterdam, likaipima damu hiyo kwa chombo kinachoweza kutambua kingamwili za mamia ya virusi kwa mpigo mmoja. Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwaka 2019. Watoto 77 wasiochanjwa waliougua surua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo kabla: za mafua, za virusi vya tumbo, za magonjwa waliyokwisha kuyapitia na kuyashinda. Surua ilikuwa imepita kwenye seli zinazotunza kumbukumbu za kinga kama moto uliopita masjala, ukaacha jengo limesimama na mafaili yakiwa majivu. Kingamwili za surua ndizo zilizokuwa tele.

Watoto waliochanjwa hawakuonyesha upotevu huo.

Hapa ndipo namba ya maabara inapodanganya kwa kusema kweli. Mtoto wetu wa pili, yule aliyeugua njiani, ana kingamwili nyingi za surua kwa sababu surua ilimpita, na kwa sababu hiyohiyo huenda amebaki bila kinga dhidi ya magonjwa mengine aliyokuwa ameshayamudu. Atalazimika kukutana nayo upya, mojamoja, na kila mkutano ni hatari kwa mtoto wa kambini. Uchunguzi mwingine wa Mina na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 kutokana na takwimu za vifo za nchi tajiri, ulikadiria kuwa udhaifu huo unadumu miaka miwili hadi mitatu. Wasiwasi wa Kasongo ukawa umejibiwa: mtoto aliyechanjwa hakuahirishiwa kifo tu, alilindiwa kinga yake yote.

Kuna wanaochanjwa na bado kingamwili zao hazikai, na Zambia imechangia sana kulijua hilo. Mjini Lusaka, kundi la watafiti likiongozwa na William Moss wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na wenzake wa Zambia lilifuatilia watoto waliochanjwa surua, wenye VVU na wasio navyo, na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Ndani ya miezi sita baada ya chanjo tofauti ilikuwa ndogo: asilimia 88 ya wenye VVU walivuka kiwango cha 120, wasio navyo asilimia 94. Miezi 27 baada ya chanjo hali ilikuwa nyingine kabisa. Wenye VVU waliokuwa hai na hawakurudia chanjo, nusu tu walibaki juu ya mstari, wakati wenzao asilimia 89 walikuwa bado juu. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa adimu kwa watoto wakati ule. Siku hizi WHO inashauri mtoto anayeanza dawa hizo na kupata nafuu ya kinga apewe dozi ya ziada ya surua. Mkoa kama Luapula, wenye wavuvi wanaohama, wachuuzi wa samaki na wakimbizi, hauwezi kulichukulia shauri hilo kama la Lusaka pekee.

Wala si kila ugonjwa unafuata kanuni ya surua. Pepopunda ni mfano mkali kuliko wote. Sumu yake ni kali kiasi kwamba kiasi kinachoua hakitoshi hata kuuzindua mwili utengeneze kingamwili. Mtu anaweza kuugua pepopunda, akanusurika, akatoka hospitali bila kinga yoyote. Kinga ya pepopunda hutoka kwenye sindano tu, na mama mjamzito anayechomwa Mantapala anamkinga pia atakayezaliwa.

Malaria nayo, ambayo kwa watu wa Nchelenge ni jirani wa kudumu, ina mtindo wake. Wilaya hii ni kati ya maeneo yenye malaria nyingi kabisa nchini, na kwa miaka mingi imekuwa eneo la utafiti la Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola pamoja na Johns Hopkins. Mtu mzima wa hapa ana kingamwili za malaria alizozikusanya kwa kuumwa mara kwa mara tangu utotoni. Humpunguzia makali, hazimzuii kuambukizwa. Mtoto hana miaka hiyo ya kukusanya. Chanjo mpya ya R21, iliyojaribiwa Kilifi nchini Kenya na Bagamoyo nchini Tanzania, na vilevile Burkina Faso na Mali, inashambulia hatua ambayo mwili unaoumwa haujifunzi vizuri: vijidudu vinavyotoka tu kwenye mate ya mbu, kabla havijafika kwenye ini. Kingamwili za hatua hiyo kwa waliochanjwa hupita mbali za wale waliopata kwa kuumwa na mbu. Kwa malaria, basi, mbishi wetu wa kijiweni hana hata ile nusu yake.

Tukirudi Mantapala, adui wa kingamwili mara nyingi ni mambo madogo yasiyoandikwa katika majarida. Chanjo ya surua na rubela, ambayo Zambia inaitumia tangu mwaka 2016, huja ikiwa unga mkavu, kwa kawaida kwenye kichupa cha dozi kumi. Muuguzi huuchanganya na maji yake maalumu, yatokayo kiwanda kilekile, yakiwa ya baridi. Kuanzia hapo saa zinahesabiwa: kinachobaki baada ya saa sita, au kliniki ikifungwa, humwagwa. Joto likikizidi, kirusi cha chanjo kinakufa ndani ya chupa na mtoto huchomwa maji matupu bila mtu kujua, mpaka surua ije imtambue. Wauguzi wanaoogopa kupoteza dozi tisa husita kufungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja, humwambia mama arudi siku watakapofika wengi. Mama huyo ametembea na mtoto mgongoni kutoka shambani au kutoka kambi ya wavuvi. Mwezi ujao huenda mumewe amehamia ufuo mwingine, hasa Machi, uvuvi unapofunguliwa baada ya marufuku ya Desemba hadi mwisho wa Februari. Dozi tisa za kumwaga ni hasara ya kuvumilika. Mtoto aliyerudishwa nyumbani bila kinga ni hasara isiyoandikwa kwenye daftari lolote, na kichupa kilipaswa kufunguliwa.

Dozi ya pili ndiyo inayopotea zaidi. Wazazi huona mtoto wa miezi 18 amekwisha kutembea, ana nguvu, chanjo za utotoni zimekwisha. Lakini katika kila watoto mia wanaochanjwa miezi 9, kama kumi na watano hawajajenga kinga, na hakuna dalili ya nje ya kuwatambua. Dozi ya pili ipo kwa ajili yao, na kwa kuwa hawajulikani, inapewa kila mtoto.

Kwa mzazi wa Mantapala, Kashikishi au Chiengi anayesoma haya: mtoto aliyepoteza kadi njiani apelekwe kliniki bila kadi, aliyekosa tarehe apelekwe kwa kuchelewa, na aliyewahi kuugua surua apelekwe vilevile, maana dozi ya ziada haimdhuru aliye na kinga. Chanjo hutolewa bure, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji, na kadi mpya hufunguliwa palepale.